Maneno ya Kiingereza Yenye Maana ya Ndani

Kila lugha ina maneno yenye maana ya juu na maana ya ndani. Mswahili akisema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, hasemi habari za jikoni, bali asema habari za umri. Akisema kijana amepata jiko, hakuna mafiga yaliyonunuliwa; kijana ameoa. Sisi twayafahamu hayo kwa kuwa tumekua nayo. Mgeni akiyafasiri neno kwa neno hupotea, nasi kadhalika twapotea katika Kiingereza.

Sababu yake i wazi. Tangu mwaka 1967 mafundisho ya shule za msingi za serikali yamekuwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa somo moja tu; mtoto akiingia sekondari ndipo hukutana nacho katika masomo karibu yote. Basi vijana wengi wa Kinondoni na Temeke hukijua Kiingereza cha vitabuni kabla ya kukizoea kile cha mazungumzo.

Na tutoe mfano. Kijana wa Temeke afanya kazi katika kiwanda huko Chang'ombe. Msimamizi amwita na kumwambia kwa upole, "We have to let you go." Kijana ayajua maneno yote. Adhani amepewa ruhusa ya kwenda kwao kupumzika. Ashukuru, atia sahihi karatasi aliyowekewa, ashika njia. Kumbe ameachishwa kazi! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki, na kanuni za mwaka 2007 zampa mfanyakazi siku 30 za kupeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana wetu azimaliza siku hizo shambani kwa babu yake, akingoja kuitwa.

Maneno ya namna hiyo ni mengi. Mtu aliyepewa "the sack" hakupewa gunia, amefukuzwa kazi. Aliye "under the weather" hakunyeshewa mvua, hajisikii vizuri. Aliye "kick the bucket" hakupiga ndoo teke, amekufa. Lakini neno hili ni la mzaha, wala halifai kabisa kutamkwa matangani. Tena hata wenye lugha hupishana: Mwingereza akisema "to table" jambo, ataka lijadiliwe; Mmarekani akisema hivyo, ataka liahirishwe.

Yatupasa kufanyaje basi? Kwanza, maneno yasipopatana na mahali yanaposemwa, tushuku kwamba kuna maana ya ndani. Pili, katika kamusi tuyatafute chini ya neno lililo kubwa, kama "sack" au "bucket", si chini ya vineno vidogo. Tatu, tujifunze msemo mzima pamoja na mahali pake, kwani msemo wa barazani si wa barua. Nne, na hili ndilo kubwa, tusitie sahihi jambo tusilolielewa, bali tumwombe msemaji aeleze tena kwa maneno mepesi, au kwa Kiswahili. Wengi huona haya kuuliza, wakichelea kuchekwa. Lakini kicheko hupita siku ile ile, na sahihi hubaki. Kuuliza si ujinga.