Mizizi ya Kunde

Shamba lililopandwa mahindi mwaka baada ya mwaka, pasipo kupumzishwa wala kutiwa mbolea, huonyesha uchovu wake katika majani. Majani ya chini ndiyo yanayoanza: rangi ya manjano hutokea nchani, kisha huingia ndani ikifuata mshipa wa katikati. Mashina huwa membamba, na mahindi hubeba punje chache. Wako watu wasemao kwamba shamba la namna hiyo limerogwa. Hapana uchawi hapo. Mimea ina njaa.

Mara nyingi chakula inachokikosa ni naitrojeni. Na ajabu ni kwamba katika kila sehemu 100 za hewa, 78 hivi ni naitrojeni. Lakini mhindi hauwezi kuila hewa. Hali yake ni kama ya baharia aliyeishiwa na maji ya kunywa chomboni: amezungukwa na maji pande zote, naye anakufa kwa kiu.

Kunde hazina shida hiyo, na sababu yake yaweza kuonekana kwa macho. Kunde zikianza kutoa maua, wanafunzi wachimbe shina moja kwa jembe, wala wasiling'oe kwa mkono, maana likivutwa kwa nguvu kitu kinachotafutwa hukatika na kubaki ardhini. Mizizi ioshwe polepole katika ndoo ya maji. Hapo vitaonekana vinundu vidogo, vingine kama punje ya mtama, vingine vikubwa zaidi, vimeshikamana na mizizi.

Lakini iko hadhari hapa. Minyoo midogo ya udongoni nayo huivimbisha mizizi, nayo ni adui. Kinundu chema hukaa ubavuni mwa mzizi, na kikisukumwa kwa kidole hubanduka upesi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, wala haubanduki. Kisha kinundu kikatwe kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado hakijaanza au kimekwisha choka. Wekundu huo ni wa jamaa moja na ule uliomo katika damu ya mwanadamu.

Ndani ya kinundu hukaa vijidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini. Kunde huvilisha sukari, navyo huipa kunde naitrojeni viliyoitwaa hewani. Katika mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel aliwatangazia wataalamu habari hii, baada ya kupanda mimea katika vyungu vya mchanga mtupu pamoja na mwenzake Hermann Wilfarth. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuvitenga vijidudu vyenyewe na kuvikuza peke yake.

Kazi yao yaweza kuigwa shuleni kwa makopo matatu yaliyotobolewa chini. Mchanga wa mto uoshwe sana na kuchemshwa, upate kuwa mtupu, usiwe na kijidudu. Kila kopo litiwe mchanga huo na jivu la kuni kidogo, kadiri ya nusu kijiko cha chai. Katika makopo mawili zipandwe kunde, na katika la tatu mahindi. Kisha udongo wa shamba la kunde ukorogwe katika maji na kuachwa utulie. Maji hayo ya juu yamwagiwe kopo moja la kunde na lile la mahindi; kopo la kunde lililobaki lipewe maji yaliyochemshwa tu.

Majuma mawili ya kwanza makopo yatafanana, kwa kuwa mche bado unakula akiba iliyo ndani ya mbegu. Mwanafunzi mwenye haraka atadhani kwamba kazi imeharibika. Angoje. Baadaye kunde zilizonyimwa maji ya udongo zitaanza kuwa manjano, na mahindi vivyo hivyo, ijapokuwa yenyewe yalipewa. Basi yaonekana kwamba maji yale hayakuwa chakula cha kutosha. Yalichukua vijidudu, na vijidudu hivyo havina kazi katika mizizi ya mhindi.

Je, jivu latiwa kwa nini? Kwa sababu lina karibu vyakula vyote vya mmea vitokavyo ardhini, ila naitrojeni. Hiyo hutoka pamoja na moshi kuni zinapowaka. Na hapa ndipo wakulima wengi wanapopata hasara wasiyoijua. Kunde zikikomaa hung'olewa zote, zikapurwa nyumbani, na mabua yakachomwa moto. Sehemu kubwa ya naitrojeni imekwisha ingia katika mbegu, nayo italiwa. Iliyobaki imo katika majani na mashina zaidi kuliko katika mizizi. Mabua yakichomwa, yote iliyomo hurudi hewani ilikotoka. Wakipewa mbuzi si vibaya, mradi samadi irudishwe shambani.

Shule yenye nafasi na itenge vipande viwili vya ardhi, kila kimoja hatua 10 kwa 10, na vyote vipandwe kunde. Katika kimoja majani na mashina yafukiwe, katika cha pili yachomwe papo hapo. Msimu unaofuata vyote vipandwe mahindi siku moja. Kila kipande kivunwe peke yake, na punje zipimwe kwa kibaba kile kile.