Sherehe ya Bahari Ukingoni mwa Naili

Mtoto wa askari aliyezaliwa Juba huenda asiione bahari mpaka aote ndevu. Hata hivyo tumeazimia kuwaandalia watoto wa kambini sherehe ya kuhifadhi bahari, Juni 8, Siku ya Bahari Duniani. Baadhi ya wenzetu walicheka: bahari ya wapi?

Jawabu li pale darajani. Maji yapitayo chini yake hutoka Ziwa Viktoria, hupenya kinamasi cha Sudd, huungana na Naili ya Buluu huko Khartoum, kisha humwagika Bahari ya Mediterania. Chupa itupwayo hapa, isiponaswa na mafunjo ya Sudd (jina hilo kwa Kiarabu ni kizuizi), inayo njia ya kufika huko.

Watoto watasimuliwa habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilitweka hadi Unguja, na mwaka 2021 likazuru Ziwa Viktoria, chimbuko la maji yetu haya.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya maputo. Sherehe gani isiyo na maputo? Lakini kipande cha puto kikifika baharini, kasa hukimeza akidhani ni chakula. Tukakata shauri: zitundikwe bendera za vitenge. Maji ya chupa nayo tukayakataa. Yatachemshwa na kutiwa katika pipa lenye bomba, na kila mtoto aje na kikombe chake. Sajini ndiye atakayevikagua langoni, kabla keki haijakatwa.