C Imejaa, D Iko Tupu: Jinsi Mipaka ya Diski Inavyosogezwa

Januari 9, 2024, Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10 lenye namba KB5034441. Kazi yake ilikuwa kuziba tundu lililompa mtu mwenye kompyuta mkononi nafasi ya kuukwepa ulinzi wa BitLocker na kuzifikia data zilizofungwa. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani sasisho hilo lilishuka, likajaribu kujisakinisha, likagoma. Skrini ikaonyesha msimbo 0x80070643, na mwenye mashine asijue pa kuanzia.

Virusi havikuhusika, wala diski haikuwa mbovu. Ndani ya diski ya Windows kuna kipande kidogo kilichofichwa, partisheni ya uokoaji, ambamo hukaa zana za kuitibu kompyuta inaposhindwa kuwaka. Sasisho lilihitaji nafasi humo na nafasi haikutosha. Maelekezo ya Microsoft yalikuwa haya: fungua dirisha la amri, punguza partisheni ya Windows kwa MB 250, futa partisheni ya uokoaji, kisha iunde upya ikiwa kubwa zaidi. Aprili mwaka huohuo kampuni ikathibitisha kwamba hakutakuja sasisho la kurekebisha jambo hilo lenyewe. Aliyetaka kinga ile alipaswa kuifanya kazi kwa mikono yake.

Hivyo ndivyo watu ambao maisha yao yote wameijua kompyuta kwa barua, picha na muziki walivyojikuta wakiambiwa waandike amri ya kufuta partisheni. Anayekosea namba moja katika hatua hiyo anafuta kipande kingine kabisa. Mkasa ule ulianika jambo ambalo mafundi wanalijua siku nyingi: mgawanyo wa diski ni uamuzi uliopitishwa na mtu mwingine, kiwandani au dukani, na ipo siku mwenye kompyuta atalazimika kuubadilisha. Kuubadilisha kunawezekana, na hakuhitaji shahada. Kunahitaji kujua nini kiko wapi, na kipi kinatangulia kipi.

Ramani ya diski

Windows huja na programu yake ya kuonyesha mgawanyo huo, Disk Management. Hufunguliwa kwa kubofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya. Kwenye kompyuta za miaka ya karibuni ramani huanza na partisheni ya EFI, mara nyingi MB 100, inayobeba programu ya kuwashia mashine. Baada yake kuna kipande cha MB 16 ambacho Windows hujitengea na ambacho ramani hiyo haikionyeshi. Kisha huja C, na mara nyingi mwishoni hukaa partisheni ya uokoaji. Diski iliyouzwa kuwa ni ya GB 256 itasomeka takribani GB 238, na hakuna aliyepunjwa: mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824.

Asili ya ramani hii ni mwaka 1983, IBM ilipoleta kompyuta yake ya PC XT yenye diski kuu ya MB 10. Herufi A na B zilikuwa tayari za flopi, ndiyo maana diski kuu ikapewa C, na herufi hiyo haijabadilika hadi leo. Mfumo wa DOS 2.0 uliokuja na mashine hiyo uliweka jedwali la partisheni kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski. Katika baiti 512 za sekta hiyo, jedwali lilipewa 64 tu, zinazotosha partisheni nne. Mpango huo, MBR, ulidumu miongo hadi diski zilipokua kupita TB 2, kiwango ambacho namba zake haziwezi kukivuka. Mrithi wake, GPT, katika Windows huruhusu partisheni 128 na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski, ili la kwanza likiharibika lipo la kurejea.

Udogo wa jedwali hilo unaeleza mengi. Kufuta partisheni kwenye diski ya sahani zinazozunguka ni kufuta mstari mmoja wa orodha, huku picha na barua zikibaki zilipokuwa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa sababu hiyo programu ya bure ya TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, mara nyingi huweza kuirudisha partisheni iliyofutwa kwa bahati mbaya. Diski za SSD hazina huruma hiyo. Windows inapofomati SSD huiarifu diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo diski inaweza kuisafisha papo hapo.

Enzi ya kufuta na kuanza upya

Kwa miaka mingi hakukuwa na namna ya kusogeza mpaka. Programu ya FDISK iliyokuja na DOS ilijua kuunda na kufuta, basi. Aliyetaka C iwe ndogo alihamisha mafaili yake yote kwenye flopi, akafuta partisheni, akaunda nyingine na kusakinisha kila kitu upya.

Mwaka 1993 Mjerumani Arno Schaefer alitoa FIPS, programu ndogo ya bure iliyoweza kuikata partisheni ya DOS vipande viwili bila kugusa mafaili, ili mradi mafaili hayo yawe yamesogezwa kwanza upande wa mwanzo. Wengi waliojaribu Linux miaka ile walipitia mlango huo. Kampuni ya PowerQuest ya Orem, jimbo la Utah, nayo ikaja na PartitionMagic, iliyoonyesha partisheni kwa picha za rangi na kuzisogeza kwa kipanya. Ilikuwa programu ya kununua, na ikajulikana mno miongoni mwa mafundi. Symantec iliinunua PowerQuest mwaka 2003, na toleo la 8 likawa la mwisho. Mwaka uliofuata Bart Hakvoort akaanzisha GParted, ya bure, ambayo mpaka leo huwashwa kutoka kwenye fleshi bila kusakinishwa. Windows Vista ya 2007 ndiyo iliyoleta kwa mtumiaji wa kawaida uwezo wa kupunguza partisheni ndani ya Disk Management.

Kipi kitangulie

Siri ya kazi yote iko kwenye mpangilio. Kila partisheni ina tabaka mbili. Moja ni mipaka yake katika jedwali: inaanzia wapi, inaishia wapi. Nyingine ni mfumo wa mafaili, kwa Windows NTFS, unaokumbuka kila faili limekaa wapi. Anayepunguza huanza na mfumo wa mafaili: mafaili yaliyo karibu na ukingo huhamishwa ndani, mfumo hujikunja, kisha mpaka ndipo unapovutwa. Anayeongeza huanza na mpaka, halafu mfumo wa mafaili hutanuka kuijaza nafasi mpya. Mpaka ukivutwa ndani kabla ya mafaili kuondoka, mafaili yanabaki nje ya partisheni yao. Programu nzuri hufuata utaratibu huu bila kuulizwa. Kwenye Linux, anayeandika amri mwenyewe hatua kwa hatua analazimika kuukumbuka.

Hata kwa programu nzuri kuna vikwazo viwili vinavyowachosha watu. Cha kwanza hutokea wakati wa kupunguza. Mtu ana C yenye GB 150 tupu, lakini Windows inakubali kumpa 20 tu. Ni kwa sababu yapo mafaili ambayo haiwezi kuyasogeza ikiwa inafanya kazi: faili la kumbukumbu ya ziada, faili la hali ya kulala, na nakala za kurejesha mfumo. Faili moja la aina hiyo likikaa mbali kuelekea mwisho, Disk Management huishia hapo. Suluhisho ni kuvizima vitu hivyo kwa muda, hali ya kulala ikizimwa kwa amri ya powercfg /h off, kuwasha kompyuta upya, kupunguza, kisha kuvirudisha.

Kikwazo cha pili ni cha kuongeza. Disk Management huiongezea C nafasi ile tu inayogusana nayo upande wa kulia. Ukiipunguza D, partisheni inayoifuata C, nafasi inayopatikana hukaa kulia kwa D, na C haiifikii, kama mkulima asivyoweza kuunganisha na shamba lake kipande kilicho ng'ambo ya shamba la jirani. Partisheni ya uokoaji ikikaa katikati huzuia vilevile. Hapo ndipo GParted inapohitajika, kwa kuwa inaweza kuisogeza D yenyewe.

Kupiga Windows na hatima ya D

Afrika Mashariki D ina historia yake. Kompyuta mpakato nyingi huingia zikiwa zimekwishatumika kwingine, na kupiga Windows ni kazi ya kila siku ya mafundi. Kupiga Windows upya aghalabu ni kufomati C. Fundi mwenye busara hukata D mapema na kumwambia mteja aweke kazi zake humo, ili safari ijayo C ifutwe na kazi zisalie.

Ushauri huo ni mzuri, ila umezaa imani ya hatari kwamba kilicho D kiko salama. C na D ni mistari miwili ya jedwali moja kwenye diski ileile. Diski ikifa, ikiibwa au ikimwagikiwa chai, vyote viwili vinaondoka pamoja. Tasnifu iliyokaa D peke yake haina nakala. Nakala ni ile iliyo kwenye diski ya nje, kwenye kompyuta nyingine au mtandaoni.

Mgawanyo huo pia ndio huzaa malalamiko ya C kujaa mpaka mstari wake unakuwa mwekundu huku D ikiwa tupu. Windows huweka Desktop, Documents, Pictures na Downloads ndani ya C isipoambiwa vinginevyo. Mara nyingi tiba haihitaji kugusa partisheni: bofya folda ya Documents upande wa kulia wa kipanya, ingia kwenye sifa zake, fungua Location, na uihamishie D. Kabla ya kufikiria mipaka inafaa pia kusafisha mafaili ya muda na kutazama folda ya Downloads, ambako programu zilizokwisha kusakinishwa hulala miaka.

Umeme, funguo na nakala

Kupunguza au kuongeza upande wa kulia huchukua dakika chache. Kusogeza mwanzo wa partisheni ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu data yote hunakiliwa kwenda mahali papya. Diski ya kawaida inayosoma MB 100 kwa sekunde itatumia dakika 50 kusoma GB 300, na kwa kuwa inasoma na kuandika kwa zamu, muda huo huzidi mara mbili. Umeme ukikatika katikati, nusu ya data iko kule, nusu iko huku. Wakazi wa Kenya waliokaa gizani Agosti 25, 2023, gridi ya taifa ilipoanguka, na Watanzania waliopita mgao wa umeme mwisho wa mwaka huohuo, hawahitaji kuelezwa. Kompyuta mpakato ifanyiwe kazi hiyo ikiwa na betri nzima iliyojaa na imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS.

Jambo la pili ni usimbaji. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, kompyuta nyingi zaidi zinazosakinishwa Windows 11 upya husimbwa diski zenyewe, hata kwenye toleo la Home, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mhusika. Asiyejua hilo anaweza kukutana na skrini inayodai tarakimu 48 baada ya kugusa partisheni. Atafute ufunguo huo kwanza, auandike kwenye karatasi, na kuusitisha ulinzi kwa muda.

Maandalizi haya yanawahusu sana wenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Windows 10 ya kawaida ilifika mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na njia mojawapo ya kuendelea kupata masasisho ni kuweka Linux kando yake. Ubuntu hutaka takribani GB 25. Kwao ni salama zaidi kuipunguza C ndani ya Windows yenyewe, kuiacha nafasi ile bila kuiumbia partisheni, kisha kumwachia msakinishaji wa Linux aitumie.

Kazi ikiisha, kompyuta izimwe na kuwashwa mara mbili. Mafaili kadhaa makubwa yafunguliwe, si kutazamwa majina tu. Amri ya chkdsk ikague C na D, na reagentc /info ionyeshe kama zana za uokoaji bado zinafanya kazi. Ulinzi uliositishwa urejeshwe. Diski ya nje yenye nakala iliyowekwa kabla ya kazi kuanza isifutwe wiki hiyo, kwani mara nyingi faili lililoharibika hugunduliwa siku mwenyewe anapolihitaji.