Mfupa Uliovunjika: Kwa Nini Picha Moja ya Eksirei Haitoshi

Katika kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kama ilivyo kwingineko kandokando ya Ziwa Tanganyika, mtu anaweza kuvunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kwenye mchikichi, kutupwa na bodaboda au kuteleza uani. Mgonjwa akifika kituoni huomba apigwe picha. Ombi hilo ni sahihi, ila picha humfaa pale tu inapopigwa ipasavyo na kusomwa sambamba na uchunguzi wa mwili wake.

Mvunjiko ni nini?

Mvunjiko ni kukatika kwa mfupa, uwe ufa mwembamba au vipande kadhaa. Dalili zake ni maumivu makali, uvimbe, kupinda kwa kiungo na kushindwa kukitumia. Ngozi ikichanika juu ya mvunjiko, hiyo ni dharura, kwa kuwa vijidudu hupata njia ya kuingia mfupani. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, kiungo kifungwe banzi, na mgonjwa awahishwe hospitali.

Picha inaonyesha nini?

Miale ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen nchini Ujerumani mwaka 1895, hupenya nyama kwa urahisi lakini huzuiwa na madini ya mfupa. Ndiyo maana mfupa huonekana mweupe. Kwa hakika picha hiyo ni kivuli, na kivuli cha upande mmoja huweza kuficha ukweli: vipande viwili vilivyoachana huweza kuonekana vimenyooka vikitazamwa kwa mbele. Kwa hiyo hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, nazo zionyeshe kiungio cha juu na cha chini ya mfupa ulioumia. Aliyeanguka kutoka juu na kutua kwa visigino achunguzwe pia uti wa mgongo, hata akilalamikia mguu tu.

Picha safi ya siku ya kwanza haimaanishi daima kwamba mfupa ni mzima. Aliyeangukia kiganja, kisha akaumia anapobonyezwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, huenda amevunjika mfupa mdogo wa kifundo cha mkono. Afungwe hogo, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Damu huufikia mfupa huo kwa shida. Ukipuuzwa, sehemu yake huweza kufa.

Kipimo cha CT husaidia katika mivunjiko tata ya nyonga, uti wa mgongo na viungio. MRI huonyesha kano, uboho na nyufa zilizojificha. Mjamzito aeleze hali yake kabla ya kupigwa picha, lakini asinyimwe kipimo anachokihitaji.

Hatari isiyosubiri picha

Banzi au hogo likibana, liwe limefungwa hospitalini au na fundi wa kienyeji wa kuunga mifupa, huweza kukata damu. Maumivu yanayozidi, hasa vidole vinaponyooshwa, ganzi, ubaridi na kupauka ni ishara za hatari. Kifungo kilegezwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali, kwani misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ipo karibu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mkono uliokosa damu hauwezi kusubiri safari hiyo. Mhudumu apime mapigo ya damu na hisia za vidole kabla na baada ya kufunga. Mgonjwa atunze picha zake na kurudi nazo kila miadi.