Luton Town: Msimu ulioanza na deni la pointi 30

Na Mwandishi Wetu

KATIKA soka kuna kitu kimoja ambacho hata timu dhaifu kuliko zote huwa nacho siku ya kwanza ya msimu, nacho ni matumaini. Kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa, bingwa mtetezi na timu iliyopanda daraja juzi huwa na pointi sawa, yaani sifuri.

Agosti mwaka 2008, klabu ya Luton Town ya England ilinyimwa hata sifuri hiyo. Ilianza msimu wa 2008/09 katika daraja la nne la soka la nchi hiyo ikiwa na pointi 30 chini ya sifuri. Ilihitaji kushinda mechi 10 ili ifike mahali ambapo timu nyingine nyingi zilikuwa zimesimama kabla ya kugusa mpira.

Hakuna klabu katika historia ya Ligi ya Soka ya England iliyokuwa imewahi kukatwa pointi nyingi kiasi hicho. Adhabu yenyewe haikutokana na kosa la mchezaji yeyote aliyevaa jezi ya Luton msimu huo. Ilitokana na mambo ya vitabu vya hesabu, chini ya viongozi waliokuwa wamekwisha kuondoka.

Ni vyema kuelewa adhabu hiyo ilivyopatikana, kwa sababu kupokonywa pointi kumekuwa silaha kuu ya wasimamizi wa soka la England, na swali lililoulizwa na mashabiki wa Luton bado linaulizwa: anayeumia ni nani hasa?

Klabu ya mtaani

Luton ni mji ulio kaskazini mwa London. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1885, na tangu mwaka 1905 imekuwa ikicheza katika Uwanja wa Kenilworth Road, uwanja mdogo uliobanwa katikati ya nyumba za watu kiasi kwamba mashabiki wa timu ngeni hupita kwenye njia iliyo chini ya vyumba vya wakazi ili kufika majukwaani.

Udogo wa uwanja haukuizuia klabu hiyo kupata sifa. Mwaka 1988 iliifunga Arsenal mabao 3-2 katika fainali ya Kombe la Ligi, mabao mawili yakifungwa na Brian Stein, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini. Katika kikosi hicho alikuwamo pia mshambuliaji Mick Harford, ambaye jina lake litarejea katika simulizi hii.

Mkosi ulianza mwaka 1992. Luton ilishuka kutoka daraja la kwanza miezi michache tu kabla ya kuzinduliwa kwa Ligi Kuu mpya, ligi iliyokuja kumwagiwa fedha za televisheni. Klabu ikabaki nje ya mlango wakati karamu inaanza.

Kati ya mwaka 1999 na 2007, Luton iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Novemba 2007, na hapo ikakatwa pointi 10 ikiwa katika daraja la tatu. Ikashuka. Msimu mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeshuka kutoka daraja la pili.

Pointi 30 zilivyokatwa

Adhabu ya mwaka 2008 ilikuwa na sehemu mbili, zilizotolewa na vyombo viwili tofauti.

Sehemu ya kwanza ilitoka kwa Chama cha Soka cha England (FA). Uchunguzi ulibaini kwamba malipo kwa mawakala wa wachezaji yalifanywa kinyume cha kanuni, yakipitia katika kampuni iliyoimiliki klabu badala ya kupitia klabu yenyewe. FA iliikata Luton pointi 10 na kuitoza faini ya pauni 50,000.

Sehemu ya pili, ya pointi 20, ilitoka kwa Ligi ya Soka. Hii ndiyo inayohitaji maelezo zaidi.

Klabu inapofilisika England, msimamizi huteuliwa kuendesha shughuli zake huku akitafuta mnunuzi. Kanuni za ligi wakati huo zilitaka klabu itoke katika hali hiyo kwa makubaliano rasmi na wanaoidai. Ili makubaliano hayo yapite, sharti wadai wenye angalau asilimia 75 ya thamani ya deni linalopigiwa kura wayaunge mkono.

Tatizo ni kwamba wadai wa klabu hawalingani. Kwa kanuni za soka, wachezaji na klabu nyingine hulipwa deni lao lote kwanza. Wakati huo mwenye duka la vifaa, mpishi wa chakula cha wageni, kampuni ya usafi na serikali iliyodai kodi waligawana kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa senti chache kwa kila pauni. Ndiyo sababu katika miaka ile Mamlaka ya Mapato ya Uingereza ilikuwa na kawaida ya kupinga makubaliano ya aina hiyo.

Luton ilitoka mikononi mwa wasimamizi bila makubaliano hayo. Ligi ikasema: tutawaruhusu wamiliki wapya waendelee kushiriki, lakini kwa gharama ya pointi 20. Msimu huohuo, na kwa sababu hiyohiyo, AFC Bournemouth na Rotherham United za daraja hilohilo zilikatwa pointi 17 kila moja. Hesabu ya Luton ilizidi kwa kuwa haikuwa mara yake ya kwanza kufilisika.

Hoja za pande mbili

Wamiliki wapya wa Luton walikuwa kundi la mashabiki wenye uwezo, wakiongozwa na mtangazaji wa televisheni Nick Owen. Waliichukua klabu wakati ikikaribia kufa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: waliokosea wameondoka, sisi tumekuja kusafisha, mbona mnatupiga sisi?

Hoja ya wasimamizi wa soka nayo haikuwa ya kupuuzwa. Klabu ni chombo kimoja, hata wamiliki wakibadilika. Kama adhabu ingekuwa inafutika kila klabu inapouzwa, kila tajiri mbadhirifu angetumia fedha asizo nazo, anunue wachezaji asiowamudu, kisha auze na kutokomea. Kuna pia haki ya klabu nyingine. Klabu iliyolipa kodi yake na kuuza mshambuliaji wake bora ili isiingie katika madeni ina haki ya kuuliza kwa nini ishindwe uwanjani na timu iliyojengwa kwa fedha za kukopa zisizolipwa.

Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ligi ilitumia mantiki hiyo. Lakini kapu la Luton lilikuwa na samaki wengi ambao hawakuwa wameoza: wachezaji vijana, wafanyakazi wa ofisini na watu wapatao 6,000 waliokuwa wakilipa kiingilio Kenilworth Road kila mechi ya nyumbani.

Ukali wa hesabu

Daraja la nne lilikuwa na timu 24, kila moja ikicheza mechi 46. Mbili za mwisho zilishuka na kutoka kabisa katika Ligi ya Soka.

Kocha wa Luton alikuwa Mick Harford, yule mshambuliaji wa mwaka 1988. Kikosi chake kilishinda mechi 13, kikatoka sare mara 17 na kupoteza 16. Hizo ni pointi 56. Kwa pointi hizo, katika msimamo wa mwisho wa msimu ule, Luton ingemaliza katika nafasi ya 15, mahali pa kawaida kabisa pasipo na hofu. Baada ya kutoa 30, zilibaki 26 na nafasi ya mwisho.

Bournemouth ilinusurika na pointi 46 licha ya kukatwa 17. Grimsby Town, iliyokuwa ya 22, nayo ilinusurika na pointi 41. Ili Luton iifikie Grimsby, ilipaswa kukusanya pointi 71 uwanjani. Shrewsbury Town, iliyoshika nafasi ya saba na kuingia katika mchujo wa kuwania kupanda daraja, ilikusanya 69.

Maana yake ni kwamba ili isishuke, Luton ilitakiwa kucheza vizuri kuliko timu iliyokuwa ikigombea kupanda.

Siku ya Wembley

Katikati ya msimu huo wa majonzi ilitokea siku moja ambayo hadi leo watu wa Luton huisimulia. Kombe la timu za madaraja mawili ya chini ya Ligi ya Soka halikuhusiana na pointi. Huko Luton ilianza sawa na wengine, na ikafika fainali.

Aprili 5, 2009, Uwanja wa Wembley ulikuwa na watazamaji 55,378, na zaidi ya 40,000 kati yao walitoka Luton. Wapinzani wao, Scunthorpe United, walikuwa wa daraja la juu yao. Scunthorpe walitangulia, Luton wakasawazisha kupitia Chris Martin na kuongoza kupitia Tom Craddock, kisha Scunthorpe wakasawazisha dakika za mwisho. Katika muda wa nyongeza, Claude Gnakpa akafunga bao la tatu. Luton wakatwaa kombe kwa mabao 3-2.

Mwenyekiti wa Ligi ya Soka, Lord Mawhinney, alizomewa na umati huo. Ilikuwa nafasi pekee ya mashabiki kumjibu ana kwa ana mtu waliyemwona kuwa alama ya adhabu yao.

Siku nane baadaye, Aprili 13, Luton ilitoka sare ya 0-0 na Chesterfield nyumbani. Ikawa imeshuka rasmi, na kukoma kuwa mwanachama wa ligi iliyokuwa imeshiriki mfululizo tangu mwaka 1920. Kwa kuwa ilikuwa nje ya ligi, haikupata hata nafasi ya kulitetea kombe lake.

Miaka mitano jangwani

Kushuka huko hakukuwa kwa msimu mmoja. Luton ilikaa miaka mitano katika daraja la tano. Mwaka 2011 ilipoteza fainali ya mchujo kwa AFC Wimbledon kwa mikwaju ya penalti, na mwaka 2012 ikapoteza nyingine kwa York City. Ilirejea mwaka 2014 ikiwa bingwa, kwa pointi 101.

Mwaka 2018 ikapanda tena. Mwaka 2019 ikatwaa ubingwa wa daraja la tatu, na aliyekuwa akiishikilia timu kama kocha wa muda alikuwa Mick Harford, miaka kumi baada ya kushuka nayo.

Mei 27, 2023, Luton iliitoa Coventry City kwa penalti 6-5 pale Wembley na kuingia Ligi Kuu. Miongoni mwa waliocheza siku hiyo alikuwa kiungo Pelly-Ruddock Mpanzu, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo, aliyejiunga na Luton ikiwa bado daraja la tano. Akawa mchezaji wa kwanza kupanda na klabu moja kutoka daraja hilo hadi Ligi Kuu.

Swali lililobaki

Tangu wakati huo adhabu ya pointi imepanda hadi juu kabisa. Msimu wa 2023/24, Everton ilikatwa pointi nane kwa jumla na Nottingham Forest nne kwa kuvuka mipaka ya hasara inayoruhusiwa. Mwaka 2019, Bury, klabu kongwe, ilifukuzwa kabisa katika ligi kwa kushindwa kuthibitisha kuwa na fedha za kujiendesha. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kuwachunguza wamiliki na fedha zao.

Huko ndiko kisa cha Luton kinakoelekeza. Kukata pointi humpata mkosaji baada ya nyumba kuungua, na mara nyingi yeye huwa amekwisha kuhama. Aliyebaki ni mpangaji. Kumchunguza mnunuzi kabla hajakabidhiwa funguo ni kazi ngumu zaidi, lakini humwadhibu mtu anayestahili.

Luton haikudumu Ligi Kuu. Ilishuka mwaka 2024, na mwaka 2025 ikashuka tena hadi daraja la tatu. Katika msimu wake mmoja wa Ligi Kuu ilimaliza na pointi 26, idadi ileile iliyokuwa nayo mwaka 2009.

Lakini mashabiki wa Kenilworth Road hawazihesabu pointi hizo kwa namna moja. Zile za mwaka 2024 ndizo timu ilizopata, mbele ya wapinzani walioizidi nguvu. Zile za mwaka 2009 zilikuwa 56.