Shokapu ndefu siyo ubingwa kwenye miamba ya Mwanza

Mwanza. Ukitaka kujua kama shokapu ya baiskeli inafanya kazi, usiijaribu kwenye lami ya Barabara ya Makongoro. Ipandishe Mabatini au Igogo, kwenye vichochoro vinavyopita katikati ya mawe, halafu iteremshe. Hapo ndipo baiskeli nyingi za mtumba zinapoumbuka.

Kanda ya Ziwa ni nyumbani kwa baiskeli. Wasukuma wamebebea magunia kwenye Phoenix, chuma cha Mchina kisicho na gia wala shokapu, na mbio za Mwanza na Shinyanga zimejaza watu barabarani. Ila kijana anayetaka mchezo wa milimani huangukia kwenye baiskeli ya mtumba ya miaka ya 1990 au 2000, na shokapu yake mara nyingi imeshachoka.

Kosa la kwanza hufanyika wakati wa kubadilisha. Wengi hutafuta foku mpya yenye shokapu ndefu kuliko zote, wakiamini ndiyo ya kishujaa. Mmarekani Greg Herbold alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa kuteremka mlima, Durango mwaka 1990, akitumia foku ya RockShox iliyobonyea chini ya sentimita 5.

Fremu ya zamani iliyotengenezwa kwa foku ya milimita 80 ukiifunga ya milimita 120, pua inanyanyuka. Kwenye mlima tairi la mbele linayumba, na fremu inabeba mzigo ambao haikuundiwa. Angalia pia breki: foku nyingi mpya ni za diski tu, wakati baiskeli yako inabana rimu. Utabaki na foku mpya na huna breki ya mbele.

Shokapu ya nyuma nayo ina kipimo. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya nyingine, ununue urefu uleule. Ikiwa fupi, baiskeli inakaa chini na pedeli zinagonga mawe.

Kabla ya kutoa hela, bana breki ya mbele na ukandamize usukani kwa nguvu. Ikigonga au ikicheza mbele na nyuma, imelika ndani. Mabomba yenye kutu au mikwaruzo yatakata sili, na mafuta yatavuja. Za zamani zenye mpira ndani badala ya springi hukauka zikawa ngumu kama jiwe.

Ukishaipata, ipange kwa uzito wako. Funga kamba nyembamba kwenye bomba la foku, isukume hadi chini, kisha panda taratibu ukae kama unavyoendesha. Shuka bila kudunda, upime kamba imesogea kiasi gani. Kwa foku ya milimita 80, milimita 16 hadi 20 inatosha. Ikizidi hapo, itagonga mwisho kwenye kila shimo. Ikipungua sana, ni sawa na kuendesha Phoenix.

Ya springi hukazwa kwa nati au kitufe cha juu. Kwa shokapu ya nyuma, ukikaza zaidi ya mizunguko miwili na bado inalala, acha. Springi hiyo ni laini kwako, tafuta ngumu zaidi.

Ya upepo usiipeleke kwenye kompresa ya kituo cha mafuta. Chumba chake ni kidogo, upepo unapanda ghafla na sili zinapasuka. Tumia pampu ndogo ya shokapu. Na usiifungue kabla ya kutoa upepo wote, inaweza kukuumiza vibaya.

Mwisho ni kasi ya kurudi. Teremka kwenye ukingo wa barabara ukiwa umekaa. Baiskeli ikidunda mara moja na kutulia, sawa. Ikidunda mara mbili tatu, punguza kasi hiyo, maana kwenye mteremko wa mawe ndiyo inayomrusha mtu juu ya usukani.

Na kama mfuko haujaruhusu? Foku ya chuma isiyo na shokapu, yenye urefu unaoendana na fremu, ni salama kuliko shokapu mbovu. Atakayeshinda kilima cha Igogo ni yule anayefika chini akiwa mzima.