Vijana Wetu na Hesabu ya Kesho

Atokaye Tabora mjini na kushika njia ya Kwihara hufika, baada ya kilometa chache, kwenye tembe lililohifadhiwa kuwa makumbusho. Wanafunzi wetu hupelekwa pale kuelezwa habari za Daktari David Livingstone, aliyefika hapo pamoja na Henry Morton Stanley mwezi Februari 1872. Jambo hilo ni jema. Lakini sisi tunaamini kwamba tembe lile lina somo jingine ambalo halijafundishwa ipasavyo, nalo ni somo la hesabu.

Stanley aliondoka mwezi Machi mwaka ule, na Livingstone akabaki akiwangoja wapagazi kutoka pwani mpaka Agosti. Mwaka mmoja kabla ya hapo, vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji na mji wa Tabora ukachomwa moto. Mfanyabiashara aliyekopa nguo na shanga huko Unguja hakujua msafara wake ungerudi lini na pembe, wala kama ungerudi. Tajiri aliyemkopesha naye hakujua, ndiyo maana alijilinda kwa riba kubwa. Hatari ilikisiwa tu, haikupimwa.

Na ni nani aliyeibeba hatari hiyo kuliko wote? Ni mpagazi wa Kinyamwezi, aliyetembea miezi kadhaa na mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, akikabili homa, ndui na njaa. Tajiri alijikinga kwa riba, mwenye msafara alijikinga kwa faida. Mpagazi alipofia porini, mkewe hakuwa na mfuko wowote wa kumtazama.

Leo iko taaluma ambayo kazi yake ni kupima hatari ya namna hiyo, ili mzigo wake ugawanywe kwa haki. Wenye taaluma hiyo huitwa watakwimu bima. Mtakwimu bima huchunguza watu wangapi katika kila elfu hufariki wakiwa na umri fulani, wangapi huugua, na fedha iliyowekwa leo itazaa kiasi gani baada ya miaka 30. Kisha husema ni kiasi gani lazima kichangwe sasa ili ahadi iliyotolewa iweze kutimizwa.

Elimu hii si uganga. Mwaka 1693, Edmond Halley, yule yule ambaye nyota yenye mkia ina jina lake, alichapisha jedwali la vifo vya watu wa mji wa Breslau, akaonyesha jinsi ya kukadiria thamani ya malipo ya maisha. Mwaka 1762 ilianzishwa London jumuiya ya bima iliyotoza michango kwa kufuata umri wa mwanachama. Wala sisi tuliopitia chuo cha Kurani kabla ya shule ya serikali hatuna sababu ya kuiona hesabu hii kuwa ngeni. Mwalimu alitugawia mirathi ya marehemu kwa thumni, sudusi na robo, na Al-Khwarizmi, mwanzilishi wa aljebra katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa hesabu za mirathi.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu siku za binadamu ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu. Tunawajibu kwa mafundisho yale yale ya chuoni: ngamia hufungwa kamba kwanza, kisha ndipo mtu amtegemee Mola. Mtakwimu bima hajui nani atakufa kesho. Anachokijua ni mwenendo wa watu elfu kwa pamoja.

Umuhimu wa jambo hili umedhihirika katika suala la kikokotoo cha mafao. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani iliyowahusu watumishi wengi wa umma, miezi hiyo iligawanywa kwa 540, na pensheni ya mwaka ikawa shilingi 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akapokea mkupuo wa shilingi 62,000,000, na kila mwezi shilingi 333,333. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5 na sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33. Mwalimu yule yule angepata mkupuo wa shilingi 30,724,138, na kila mwezi shilingi 415,862.

Huo ndio uzito wa tarakimu. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya nusu, pensheni ya mwezi imepanda. Mwenye kutaka kujenga nyumba analia. Mwenye kuishi miaka mingi huenda akanufaika. Kanuni ya kwanza, ya asilimia 25, ilisitishwa na Rais John Magufuli mwezi Desemba 2018 baada ya malalamiko ya wafanyakazi. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la nusu.

Hatusemi kwamba wataalamu walikosea hesabu. Mfuko usioweza kulipa haumfai mstaafu yeyote. Lakini ni ukweli usiopingika kwamba mfuko haukulemewa na wastaafu peke yao. Lilikuwapo deni la Serikali kwa ajili ya watumishi walioahidiwa pensheni kwa miaka ya kabla ya 1999, ambayo hawakuichangia. Sehemu ya deni hilo, shilingi trilioni 2.17, ililipwa kwa hati fungani mwezi Desemba 2021. Ahadi iliyotolewa bila kutengewa fedha ni mzigo unaowekwa begani mwa mwingine, kama wa mpagazi wa Kwihara. Kazi ya mtakwimu bima ni kulisema hilo mapema, mbele ya wakubwa, bila kupindisha tarakimu, na kisha kuwaeleza wananchi kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kikokotoo kiliwafikia wengi kama amri kabla hakijawafikia kama maelezo.

Basi twende kwa vijana. Njia ni ndefu lakini iko wazi. Msingi wake ni hisabati ya kidato cha tano na cha sita. Kisha ni shahada ya takwimu bima, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha. Baada ya hapo huja mitihani ya vyama vya kitaaluma vya Uingereza au Marekani, ambayo wengi huifanya kwa miaka kadhaa huku wakiwa kazini. Waliofika mwisho wa njia hiyo ni wachache nchini, hali kazi inaongezeka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mkulima wa tumbaku wa mkoa wetu bado anaitazama mvua ya mawe ikimaliza jasho la mwaka mzima kwa saa moja.

Shule ya Wavulana ya Tabora ilimlea Mwalimu Nyerere, na mji huu ulishuhudia Uamuzi wa Busara wa mwaka 1958, ambapo viongozi walipima hatari mbili na kuchagua ile iliyotufikisha kwenye uhuru. Hatuoni kwa nini madarasa ya Tabora, ya wavulana na ya wasichana, yasitoe watakwimu bima. Wazazi wasimkatishe tamaa binti anayependa hisabati. Walimu wasiifanye hesabu kuwa adhabu. Na siku wanafunzi watakapopelekwa tena Kwihara, waulizwe pia swali hili: mpagazi aliyefia njiani, nani alimhesabu?